Kiranja wa Ungo

Kiranja nilimtengeneza mwenyewe, kwa mikono yangu hii, na hakuna aliyenituma. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakinisikia ninavyomtukana hudhani ni binadamu. Si binadamu. Ni programu fupi inayokaa kwenye kompyuta iliyo chini ya meza yangu, na kazi yake ni moja tu: mtu yeyote akileta badiliko katika Ungo, Kiranja hupima kama Ungo umekuwa mzito, yaani umepungua kasi. Ukiwa umekuwa mzito, badiliko linakataliwa, na jina la aliyelileta linabandikwa kwenye ukurasa unaosomwa na dunia nzima, kama kiranja wa darasa anavyoandika ubaoni majina ya wapiga kelele.

Ungo ni lugha ya kompyuta. Aliuanzisha kaka yangu akiwa bado chuoni, akauita Ungo kwa sababu kazi yake ni kupepeta: unaurushia rundo la takwimu, unatoa pumba, unakuachia mchele. Ni lugha huria. Msimbo wake, yaani maagizo yanayoiunda, uko wazi, mtu yeyote anausoma, anauchukua bure, na akiona penye kasoro analeta marekebisho. Kwa jina hilo tulitaniwa sana mwanzoni, kwamba tunaruka nao usiku. Mimi na kaka tulikatazana kabisa kusema kwamba fulani "amevunja Ungo," hata kama ameuvunja kweli, maana Mama yuko chumba cha pili na masikio yake ni mazima.

Kaka yangu anaitwa Mwasisi. Walianza watumiaji wa Ungo kumwita hivyo kwa heshima, sasa hata mke wake humwita hivyo anapomtuma akatupe taka. Mimi wananiita Fundi. Yeye huongea, mimi hukaza skrubu. Mchana nimeajiriwa na kampuni ya bima kutengeneza printa zao, kazi ya kuchomoa karatasi zilizosokotana na kurudi nyumbani na wino kwenye kucha. Jioni na siku za mapumziko nashughulika na kasi ya Ungo, bila malipo, kama wote tunavyofanya. Watu wakisikia "kuongeza kasi" hudhani kuna usukani mahali. Hakuna. Unakaa unatazama lugha inafanya nini hatua kwa hatua, unaona hapa inanakili kitu mara mbili, pale inaomba kumbukumbu isiyoihitaji, unapunguza, unapima, unakuta hujapata kitu, unarudisha ulivyokuta. Kesho yake unaanza tena.

Kiranja nilimtengeneza kwa sababu nilichoka kugombana. Kila wiki mtu analeta kipya: huyu anataka maneno ya makosa yawe na rangi, yule anataka lugha ijue kalenda zote za ulimwengu. Kila kimoja kinaongeza uzito kidogo, na ukisema hapana unaambiwa una roho mbaya. Nikasema basi, hapana aiseme mashine. Nikaweka na masharti. Kiranja akikataa, hapindishwi isipokuwa kwa sahihi za walezi wawili, na mlezi haruhusiwi kutia sahihi badiliko lake mwenyewe. Walezi, yaani wasimamizi wa msimbo, tuko watatu: kaka, mimi, na jamaa mmoja wa ng'ambo ambaye hatujawahi kuonana naye uso kwa uso, tunamwita Popo kwa sababu huamka sisi tunapolala. Njia ya kumkwepa Kiranja niliifuta mwenyewe, ili hata mimi nisije nikashawishika siku moja. Nilijiona nina akili kweli.

Kompyuta anamokaa Kiranja ni kuukuu, haifai kwa lolote lingine, lakini vipimo lazima vifanywe kwenye mashine ileile siku zote, la sivyo hujui kilichobadilika ni lugha au ni mashine. Hakuna badiliko linaloingia Ungo bila kupita chini ya meza yangu. Inapopima, feni yake huvuma kama jiko la pampu lililopandishwa mwisho. Kitanda cha Mama kiko upande wa pili wa ukuta. Alikuwa akigonga ukuta kwa kiatu, mimi nikipaza sauti, "Samahani, Mama, inamaliza sasa hivi," na haikuwa inamaliza.

Sasa nije kwenye Ufagio. Kompaila ya Ungo, yaani ile sehemu inayogeuza maandishi yetu kuwa maagizo ya mashine, ilikuwa na ujinga mmoja: ilifanya kila ilichoambiwa. Ukiiambia ikokotoe jambo, halafu jibu lake usilitumie popote, yenyewe inakokotoa tu, kama mtu anayepika sufuria zima kisha anamwaga. Nikaanza kuifundisha itazame mbele. Hili jibu, kuna atakayelihitaji? Kama hayupo, usijisumbue, ruka. Kuandika kwa maneno ni rahisi. Kuifanya lugha iruke kisichohitajika bila kuruka kinachohitajika kulinichukua miezi na miezi. Nilikosa harusi ya binamu yangu, nikasemwa na ukoo mzima. Kazi hiyo nikaiita Ufagio.

Siku Ufagio ulipoingia, Kiranja alipima, na mstari wa grafu ukaporomoka. Jaribio letu kuu, lile analopimia Kiranja, lililokuwa likichukua dakika tatu likamalizika kwa dakika moja. Nilipiga kelele mpaka Mama akaja mbio na mwiko mkononi, akidhani nimepigwa na umeme. Kaka akapiga simu.

"Mdogo wangu, umeua! Umeua kabisa!"

Kabla jua halijazama alikuwa ameshatangaza kila mahali: Ungo sasa una kasi mara tatu, hongera kwa timu. Timu. Timu ilikuwa mimi na feni. Nilimwambia hivyo hivyo, sikumumunya maneno, naye akanituliza kama anavyonituliza tangu utotoni.

"Subiri mkutano mkuu wa watumiaji," akasema. "Wafadhili watakuwepo. Nitakutaja mbele ya watu wote, niwaambie huyu ndiye. Na wakikubali kutoa, wewe ndiye Mkuu wa Kasi, kazi ya kuajiriwa. Hizo printa uwaachie wenyewe."

Sikutaka kitu kingine chochote duniani. Nilitaka mtu mmoja asimame mbele za watu aseme, kazi hii ameifanya huyu. Nilianza hata kumwangalia bosi wangu wa bima kwa huruma, kama mtu ambaye hajui ataachwa.

Alhamisi ya wiki ya mkutano nilirudi kutoka kazini, Mama akiwa sebuleni anasikiliza redio.

"Hivi hilo dude lako limepona?" akaniuliza. "Siku hizi halinivumii."

"Limekuwa na kasi, Mama. Linamaliza haraka."

"Afadhali. Nilikuwa nimeanza kusikia feni hata nikiwa sokoni."

Niliingia chumbani nikicheka, nikakaa kitandani kufungua viatu. Mtu fulani alikuwa ameleta badiliko muda huohuo, Kiranja alikuwa akilipima, kitaa cha kijani kinapepesa. Mkono wangu ukabaki kwenye kamba ya kiatu. Kumaliza haraka ni sawa, lakini hata mbio fupi zinamfanya mtu aheme. Feni ilipaswa kuvuma kwa dakika moja badala ya tatu. Haikuvuma kabisa.

Nikafungua lile jaribio kuu, kitu ambacho sikuwa nimekifanya kwa muda mrefu, maana nani anakagua rula yake kila asubuhi. Ni programu inayosoma faili kubwa la namba, inazipanga, inazikokotoa kwa njia ngumu makusudi, halafu mwishoni inachapisha jibu kwenye skrini. Ule mstari wa mwisho, wa kuchapisha jibu, haukuwepo. Nikatazama ni nani aliyeutoa. Alikuwa kaka, siku chache kabla ya Ufagio kuingia, na alikuwa ameacha maelezo: "Naondoa namba zinazochafua skrini. Tunahitaji usafi kwa ajili ya maonyesho ya mkutano." Kiranja alikuwa amempitisha bila neno, kwa sababu Kiranja hajui kusoma, anajua kupima tu, na kufuta mstari mmoja hakumlemei mtu.

Basi picha ikawa hii. Jibu halichapishwi, kwa hiyo hakuna anayelihitaji. Ufagio wangu, mtoto mtiifu, ukatazama mbele, ukaona hakuna anayelihitaji, ukafagia hesabu yote. Kilichobaki kilikuwa kusoma faili, na kusoma faili hakuipandishi mashine joto. Watu walikuwa wanashangilia kasi ya kazi isiyofanywa, na kaka yangu alitaka tu skrini ipendeze.

Nikaurudisha ule mstari kwenye nakala yangu nikapima upya. Feni ikavuma. Kiatu cha Mama kikagonga ukuta. Dakika tatu kasoro kidogo. Hiyo kasoro kidogo ndiyo miezi yangu yote, na harusi ya binamu ndani yake. Nililia, sitaficha. Nililia kwa hasira, nimekaa sakafuni na kiatu kimoja mguuni.

Ijumaa nilipotoka kazini nilikwenda moja kwa moja kwa kaka. Alikuwa amesimama sebuleni mbele ya televisheni aliyoiunganisha na kompyuta yake, akifanya mazoezi ya hotuba. Wifi alikuwa ananyoosha shati lake jeupe kwenye meza ya chakula.

"Wifi, umekuja kutuambia ndoa na kompyuta ni lini?"

"Imeniacha, wifi."

Akacheka. Mimi nikamgeukia kaka nikamwambia zile namba si za kweli, nikaanza kumweleza. Kaka yangu si mjinga. Sikufika hata nusu, nikaona usoni kwamba ameshaelewa. Akaizima televisheni.

"Nani mwingine anajua?"

Hilo ndilo lililokuwa swali lake la kwanza. Si tumekosea wapi, si turekebishe vipi.

"Mimi na wewe. Na wifi, kama anasikiliza."

"Mimi napiga pasi," wifi akasema.

"Basi tulia," kaka akasema. "Mkutano upite, tutarekebisha taratibu."

"Kuna watu watahamishia kazi zao kwetu kwa ajili ya hizo namba, kaka. Wale wa kampuni ya maji, wanaotaka kuandaa ankara zao kwa Ungo, wameshasema wanasubiri mkutano tu."

"Na watafurahi. Ungo ni lugha nzuri."

"Ni nzuri. Siyo mara tatu."

"Namba zimetoka kwenye mashine yako, mdogo wangu. Chini ya meza yako. Mimi sikuzipika."

"Mstari umeutoa wewe!"

"Na Ufagio ameuleta nani? Unataka nisimame pale niseme mdogo wangu kapima hewa? Hapa nakulinda wewe." Akanishika bega, sauti ikawa laini. "Kesho nakutaja mbele ya watu wote. Si ndicho ulichotaka?"

Hapo ndipo aliponipata, maana ndicho nilichotaka. Kwa muda ule wifi alipokuwa akigeuza kola ya shati, niliwaza kunyamaza. Niliwaza kabisa, nikajiona jukwaani na nguo yangu ya bluu. Kisha nikakumbuka feni isivyovuma, nikajua kwamba kila nitakapopigiwa makofi nitaisikia ilivyo kimya. Nikaondoka bila kuaga.

Nilipofika nyumbani nilifanya kile ambacho mlezi yeyote angefanya. Nikaandika badiliko la mstari mmoja, la kurudisha kuchapisha jibu, nikaeleza kwa utaratibu kipimo kiliharibikaje, nikaliwasilisha. Feni ikavuma. Nikasubiri. Kiranja akajibu kwa maneno niliyoyatunga mwenyewe, nakumbuka hata nilivyochekelea siku ninayatunga:

"Badiliko hili linapunguza kasi ya Ungo mara tatu. Limekataliwa. Aliyelileta: Fundi."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Kiranja hulinganisha na namba bora ya mwisho, na namba bora ya mwisho ilikuwa ya uongo, kwa hiyo ukweli wowote utakaoletwa kwake utakuwa ni uzito. Na kumpindisha kunataka sahihi mbili za walezi wasio mimi. Chini ya jina langu watu walishaanza kujaza vikatuni vya kucheka. Mmoja akaandika, "Leo Fundi naye kapatikana!" Mwingine akaniuliza kama nimechoka. Nikajibu kila mmoja, nikaeleza, nikaeleza tena. Ukisoma maelezo yangu ya jioni ile unaona mtu anayejitetea, hata mimi nikiyasoma naona hivyo.

Popo aliamka, akasoma, akaandika kwamba hoja yangu anaielewa, ila atafuata neno la Mwasisi. Neno la Mwasisi likaja baada ya hapo kidogo: "Tutalijadili baada ya mkutano." Akafunga ukurasa, hakuna tena aliyeweza kuongeza neno.

Jumamosi nilivaa nguo ya bluu nikaenda. Usiniulize kwa nini. Nilikuwa bado na tumaini kwamba akisimama pale atashindwa kusema uongo, na tumaini hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ukumbi ulikuwa umejaa, viti vya plastiki mpaka mlangoni, projekta inatupa mwanga wenye vumbi juu ya vichwa vyetu. Nilipata kiti katikati. Kaka alitoka na shati lake jeupe na aliongea vizuri, lazima niseme kweli, aliongea vizuri mno. Grafu ilipotokea, ule mstari ukiporomoka, watu waliguna kwa raha.

Ndipo mama mmoja wa wafadhili, aliyekaa safu ya mbele, akaomba kipaza sauti.

"Lugha yenu ni huria," akasema. "Watu wanaleta msimbo kutoka kila kona. Ni nani anayelinda kasi hii isipotee?"

Nikakaa vizuri. Nikanyoosha nguo magotini. Kaka alinitafuta kwa macho, akaniona.

"Swali zuri sana," akajibu. "Tulifikiria kuajiri Mkuu wa Kasi. Lakini kusema kweli, hatumhitaji mtu. Tuna Kiranja."

Akabonyeza, na ukurasa wa jana yake ukajaa ukutani, jina langu limekuzwa hadi linasomeka kutoka nje. Limekataliwa. Aliyelileta: Fundi.

"Huyu ni mdogo wangu wa damu," kaka akaendelea, "mlezi wa Ungo tangu siku ya kwanza. Jana jioni ameleta badiliko, na Kiranja kamkataa palepale. Hana undugu, hachoki, hapigiwi simu. Simama kidogo, Fundi, wakuone."

Ukumbi ulicheka, cheko la upendo kabisa, kisha wakapiga makofi. Nilisimama. Miguu ilisimama yenyewe.

"Kipimo kimeharibika," nikasema.

Sikuwa na kipaza sauti. Kaka alikuwa nacho.

"Anasema kipimo kimeharibika," akawarudishia huku akitabasamu, nao wakacheka zaidi ya mwanzo, maana kila aliyefeli husema mtihani ulikuwa mbaya. Nikakaa.

Nilifika nyumbani jua bado liko juu. Sikuvua hata viatu. Niliweka ile nakala yangu yenye mstari wa mwisho nikaamuru mashine ipime, si kwa ajili ya mtu, nilitaka tu kuisikia. Feni ikavuma. Mara hii Mama hakugonga ukuta, alikuja mlangoni, uso wote unang'aa.

"Wifi yako kanipigia," akasema. "Anasema kaka yako kakutaja mbele ya watu wote, mpaka kakusimamisha, ukapigiwa makofi."

"Ndiyo, Mama. Kanitaja."

"Unaona? Na wewe kila siku unanung'unika humu ndani kwamba hatakukumbuka."

Mama ana watoto wawili, na furaha yake ya siku ile ilikuwa ya wote wawili. Akainama kidogo kuchungulia chini ya meza.

"Na hilo dude limeanza tena. Linaumwa?"

"Hapana, Mama. Linafanya kazi."

"Basi lizime, nipumzike."

Nikapiga magoti nikiwa na nguo yangu ya bluu, nikaingia chini ya meza, nikachomoa waya ukutani. Feni ikazunguka polepole, ikasimama.

Asubuhi yake tulikuwa tunakunywa chai simu ilipolia.

"Fundi, Kiranja hajibu," kaka akasema, bila salamu. "Watu wameleta mabadiliko tangu jana, yote yamekwama. Wafadhili wanaangalia ukurasa. Hebu iwashe hiyo mashine."

"Mama hataki kelele."

"Usinifanyie utoto. Kuna kazi hapa, nani ataifanya?"

Mama alikuwa ananitazama juu ya kikombe, akitabasamu, akiona watoto wake wanaongea.

"Ajiri mtu, kaka," nikamwambia, nikaweka simu mezani nikamwongezea Mama chai.